Tengeneza flashi za kuokoa kompyuta ikiwa bado nzima

Flashi ya kufufua Windows hutengenezwa kompyuta ikiwa bado inafanya kazi. Ukingoja hadi igome kuwaka, itabidi uazime mashine ya mtu, ununue data ya kupakua faili la zaidi ya GB 5, na huenda ukahitaji ufunguo wa kufungulia diski uliobaki ndani ya diski hiyohiyo isiyofunguka. Na hapa Uganda, umeme ukikatika katikati ya usasishaji, kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) inaweza kufika huko kwa dakika moja.

Andaa flashi mbili, kwa sababu kazi zake ni tofauti.

Ya kwanza ni ya kurejesha mfumo wa mashine yako. Chukua ya GB 32. Ya GB 16 inaweza kutosha, lakini usishuke chini ya hapo. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika "recovery drive", fungua programu hiyo, na uiache tiki ya kuhifadhi mafaili ya mfumo. Ukiiondoa utapata zana za ukarabati tu, na flashi hiyo haitaweza kusakinisha Windows upya. Chomeka chaja kwanza, maana kwa flashi ya USB 2.0 kazi hii hupita saa nzima kwa urahisi. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutwa. Picha, nyaraka na programu ulizojiwekea haziingii humo, kwa hiyo zitafutie diski nyingine.

Ya pili ni ya kusakinisha Windows kwenye diski tupu, na GB 8 zinatosha. Programu ya Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft hupakua na kuandaa kila kitu yenyewe. Intaneti yako ikiwa ya kukatikakatika, pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows nzima, kwa programu inayoweza kuendelea ilipoishia, kisha lihakiki kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Linganisha herufi zinazotoka na zile zilizo kwenye ukurasa wa Microsoft. Tofauti ya herufi moja inamaanisha faili limeharibika, nawe utakwama katikati ya usakinishaji.

ISO hiyo usiinakili kwa mkono. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja kuzidi GB 4, na faili la install.wim mara nyingi huzidi hapo. Tumia Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi. Kwa mashine inayowaka kwa UEFI (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi kuu), yaani karibu zote zilizotengenezwa baada ya 2012, chagua mpangilio wa diski wa GPT. Kwa ya zamani yenye BIOS, mtangulizi wa UEFI, chagua MBR. Ukikosea hapa, flashi haitaonekana wakati wa kuwasha, au Windows itakataa diski kwa sababu ya mpangilio wake.

Jihadhari na flashi yenyewe. Katika maduka ya Kampala, kama kwingineko, unaweza kuuziwa iliyoandikwa GB 128 kumbe ndani ni chache mno. Ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini: huijaza yote, kisha husoma ilichoandika.

Sasa jambo linaloumiza watu kuliko yote: BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kimyakimya mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili kwenye karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48. Karatasi ikae mbali na begi la laptopu. Bila ufunguo huo, hakuna fundi atakayekutolea mafaili yako, hata awe hodari namna gani.

Kisha jaribu kuwasha kwa kila flashi. Kwenye Dell na Lenovo nyingi menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia hufunguka kwa F12, HP kwa Esc kisha F9, Asus za mkononi kwa Esc. Isipofunguka, rudi Windows, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha uchague kuwasha kwa kifaa cha nje. Ukiona skrini ya kuchagua lugha au kibodi, inatosha. Zima, chomoa, usiendelee.

Kuna kompyuta zenye Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu ambazo hazionyeshi diski yoyote wakati wa kusakinisha. Diski haijafa, inayokosekana ni draiva ya Intel RST, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiona diski. Ipakue mapema kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue hadi uone mafaili ya .inf, weka folda hiyo kwenye flashi ya pili, na siku ya kazi ubofye "Load driver". Weka na draiva ya Wi-Fi, maana Windows 11 hudai intaneti wakati wa kuanza. Ikigoma, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kugawa data mara nyingi humaliza tatizo.

Usinunue ufunguo mpya. Laptopu iliyouzwa na Windows 8 au baadaye kwa kawaida hubeba ufunguo wake kwenye bodi kuu. Ruka ukurasa wa ufunguo na uchague toleo lilelile, Home au Pro.

Mashine isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) haikubaliki rasmi kwa Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hiyo, weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye flashi nyingine ya GB 8. Inawaka kutoka humohumo, nawe utaijaribu bila kugusa diski.

Flashi ya kwanza itengeneze upya kila mwaka.