Mlima Kilimanjaro umetoka kama kichuguu: kosa ni la simu au langu?

Swali: Habari za kazi, kaka. Krismasi iliyopita tulikwenda Moshi kwa wakwe zangu. Saa tatu na nusu asubuhi nikapanda juu ya ghorofa ya shemeji, mlima uko wazi, mkubwa hadi unatisha. Nikapiga picha zaidi ya thelathini. Kuja kuziangalia Dar, mlima ni kichuguu cha bluu nyuma ya mabati, theluji hata huioni vizuri. Simu yangu ina lenzi tatu na si ya bei rahisi. Ninunue kamera kubwa, au tatizo ni mimi? Nimekutumia moja kwa WhatsApp uione. *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Pesa yako iache benki kwanza, dada. Picha nimeiona, na simu hiyo inatosha kabisa.

Kubwa ni lenzi. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kibo ina mita 5,895, mji uko kwenye mita mia nane na kitu, kwa hiyo mlima umekupita mita 5,000 hivi. Fanya hesabu ya pembe: toka usawa wa macho yako hadi kileleni ni nyuzi 9 tu. Lenzi kuu ya simu, ukiilaza simu, inaona nyuzi kama 50 toka chini hadi juu ya picha. Mlima wako haukufika hata moja ya tano ya picha! Macho yako yaliutazama mlima peke yake, hayakujishughulisha na mbingu, mabati wala nyaya za umeme. Simu ilivichukua vyote kwa haki sawa.

Tumia ile lenzi ya kuvuta, iliyoandikwa 3x. Hapo Kibo inajaza karibu nusu ya kimo cha picha, na Mawenzi inaingia ukingoni upande wa kulia. Ila kuwa macho na ujanja mmoja: mwanga ukiwa hafifu, simu nyingi zinaiacha lenzi hiyo kimyakimya, zinachukua picha ya lenzi kuu na kuikata. Ziba lenzi ya kuvuta kwa kidole. Kama kioo hakikuwa cheusi, unadanganywa. Subiri mwanga uongezeke.

Ukishavuta, cheza na umbali wa vitu vya mbele, maana hapa ndipo mlima unapokuzwa. Mwembe wa mita 10 ukiwa mita 60 kutoka ulipo unaonekana una kimo sawa na Kilimanjaro nzima. Rudi nyuma hadi mita 200, mwembe unakuwa theluthi ya mlima. Mlima wenyewe haupungui, kwani mita 140 ni nini ndani ya kilomita 30? Ghorofa ya shemeji ilikunyima nafasi hiyo. Ulisimama bati la jirani likiwa puani. Mimi hushuka chini, nikatafuta uwanja au shamba lililo wazi kwa kaskazini.

Sasa saa. Saa tatu na nusu ulikuwa umechelewa, hata kama mawingu yalikuwa bado hayajaufunika. Jua likipanda, hewa yenye unyevu inapanda nayo kutoka msituni na kugeuka mawingu, na huku chini vumbi na moshi wa asubuhi vimeshatanda. Ule ubluu ni hewa yenyewe: katika kilomita 30 inatawanya mwanga wa bluu mbele ya lenzi yako, na jua likiwa juu utando ndiyo unang'aa zaidi. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza Moshi mnamo saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kilele kinalipata dakika chache kabla ya mji. Uwe umeshasimama saa kumi na mbili kamili. Rangi ya waridi haikai hata robo saa. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu vumbi limeoshwa.

Na umebahatika kwenda Desemba. Miezi hiyo jua linachomozea kusini kidogo ya mashariki, hivyo linaupiga ubavu wa Moshi. Juni na Julai mambo yanageuka, mwanga mzuri unakuwa upande wa kaskazini, kule Amboseli ya Kenya, na Moshi kwenyewe unaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona mlima.

Theluji yako imepotea kwa sababu simu iliona migomba na mabati meusi, ikaongeza mwanga, kilele kikawa karatasi. Kosa hilo nalijua vizuri, miaka ya nyuma mteja wa kalenda alinirudishia picha akaniuliza, "Barafu iko wapi?" Bonyeza kidole juu ya theluji, kishikilie hadi simu ikishike kiwango hicho cha mwanga, kisha telezesha kidole chini kuupunguza mpaka uone mistari ndani ya weupe. Migomba itakuwa na giza, lakini giza linafufuka kwenye kuhariri. Weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Kwenye kuhariri, kile kitelezeshi cha kuondoa ukungu kisogeze kidogo tu. Wengi wanakivuta hadi mwisho, mbingu inakuwa rangi ya wino.

Ukitaka niitazame tena ile ya kwanza, nitumie kama dokumenti au kwa barua pepe. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana, na kilichobanwa kwanza ni hiyo hiyo theluji tunayoitafuta.