Kabla Hujaapa kwa Riwaya

Niliwahi kuumbuka mbele za watu kwa sababu ya riwaya. Mazungumzo yalikuwa ya marais waliokoswakoswa kuuawa, nami nikadakia, tena kwa sauti ya mjuzi, jinsi Mwingereza wa kukodiwa amuue Rais de Gaulle wa Ufaransa alivyopenya ulinzi Paris mwaka 1963 akijifanya mlemavu, bunduki kaificha ndani ya gongo. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Kijana, hayo umeyasoma wapi?" Nikataja The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth. Kicheko kilichofuata sijakisahau.

Niliporudi nyumbani nilikifungua tena kitabu kutafuta pale niliponaswa. Kinaanza na Bastien-Thiry, ofisa wa jeshi aliyeongoza jaribio la kumuua de Gaulle, akipigwa risasi na kikosi cha askari, Machi 11, 1963. Hilo lilitokea kweli. Jaribio lenyewe, shambulio la Petit-Clamart karibu na Paris la Agosti 22, 1962, nalo ni la kweli: watu wa OAS, kundi la siri la Wafaransa waliomchukia de Gaulle kwa kuiachia Algeria, walilimiminia risasi gari lake, tairi zikapasuka, yeye na mkewe wakatoka bila mkwaruzo. Ukishameza kurasa kadhaa za namna hiyo, halafu mwandishi akakuletea muuaji wake wa kubuni, nani atakumbuka kumwomba kitambulisho? Forsyth alikuwa mwandishi wa habari wa Reuters Paris miaka hiyo, na uongo wake kauandika kwa lugha ileile ya ripoti: saa, mtaa, aina ya gari.

Kwa hiyo siku hizi riwaya za njama za kisiasa nazisoma na penseli mkononi. Kila jina au tarehe ninayodhani ni ya kweli naiwekea alama, ninayodhani ya kubuni naiwekea nyingine. Kuhakiki nasubiri mpaka nimalize, maana ukianza kupekua katikati utamu wote unakwisha. Na usijione mjanja mapema. Mimi nilimwekea alama ya kubuni Kanali Argoud wa OAS, yule anayetekwa Munich na kukutwa Paris kafungwa kamba ndani ya gari, nikasema hii sasa ni sinema. Kumbe alitekwa kweli, Februari 1963! Tangu hapo sipimi ukweli kwa kuangalia kama jambo linaaminika.

Jambo jingine, usikidharau kitabu kizima kwa kuwa shujaa wake hakuwahi kuishi. Muuaji yule anapata pasipoti kwa kutumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyefariki. Mwanya huo ulikuwepo Uingereza kwelikweli, na ulidumu miaka mingi baada ya kitabu kutoka mwaka 1971. Mwaka 1974 mbunge John Stonehouse aliacha nguo ufukweni Miami ili adhaniwe amezama, akaja kukamatwa Australia akiishi kwa jina la marehemu. Ofisi za pasipoti zingekisoma kitabu kile kwa makini kuliko mimi, pengine zingejifunza kitu.

Ama wale wasemao, "Mwisho naujua, nisome wa nini?", wajue kwamba hata wachapishaji kadhaa walikikataa kwa hoja hiyohiyo: kila mtu anajua de Gaulle hakuuawa. Alifariki nyumbani kwake Novemba 1970, kitabu hata hakijatoka. Bado kikauzwa mno. Taharuki yake haipo kwenye kama atauawa, ipo kwenye huyu mtu atakwama wapi.

Yule mzee nilimwazima nakala yangu, nusu kwa heshima, nusu kwa kulipiza kisasi. Aliirudisha baada ya wiki mbili bila neno. Nilipoupekua ukurasa wa gongo, nikakuta ameandika pembeni kwa penseli: "Hapa na mimi nilikaribia kuamini."