Askari wa shule afanye nini badala ya kumfunga mwanafunzi pingu?

SWALI: Mimi ni Mkenya, askari polisi katika jimbo la Georgia, Marekani. Muhula huu nimepangiwa shule ya sekondari. Naitwa mara kwa mara: wanafunzi wamepigana, mmoja amekutwa na bangi kidogo, mwingine amemtukana mwalimu na kugoma kutoka darasani. Walimu wanatarajia niondoke na mtu. Sitaki kufumbia macho makosa, lakini roho inaniuma kumpeleka kituoni mtoto wa miaka 13. Nina njia gani nyingine?

JIBU: Afande, nianze na huyo aliyemtukana mwalimu, kwa sababu yeye si wako kabisa. Utovu wa adabu ni kazi ya mwalimu mkuu na wazazi. Simama karibu kama kuna hatari ya mtu kuumia, vinginevyo mwachie mwenye shule. Ukikubali mara moja kuwa fimbo ya darasani, utaitwa hata kwa simu iliyolia wakati wa somo.

Waliopigana na mwenye bangi ndio swali lenyewe. Kwa makosa madogo ya aina hii, kukamata ni uamuzi wako kwa kiasi kikubwa, hulazimiki. Ila hiari peke yake haitoshi. Ukiwa kwenye korido, damu imechemka, wanafunzi mia wameinua simu wanarekodi na mwalimu anatetemeka kwa hasira, pingu ndicho kitu pekee kilicho tayari kiunoni mwako. Njia mbadala lazima iwe imeandikwa na kusainiwa kabla ya siku hiyo, na lazima kuwe na mtu wa kumpokea huyo mtoto.

Mfano mzuri uko katika jimbo lako. Kaunti ya Clayton, kusini mwa Atlanta, iliweka polisi shuleni miaka ya 1990, na kesi za wanafunzi zilizopelekwa mahakama ya watoto zikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 1,000. Nyingi zilikuwa makosa madogo. Jaji wa mahakama hiyo, Steven Teske, aliwaita mezani polisi, wakuu wa shule na watu wa ustawi wa jamii, na mwaka 2004 wakatia saini makubaliano. Kwa ugomvi wa kawaida, fujo na makosa yanayofanana na hayo, kosa la kwanza ni onyo kwa mwanafunzi na mzazi wake. La pili, anapelekwa kwenye mafunzo au usuluhishi. Mahakama ni kwa kosa la tatu. Kesi kutoka shuleni zilishuka kwa zaidi ya nusu. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba askari walianza kupata habari kutoka kwa wanafunzi wenyewe, kwa kuwa mtoto asiyekuogopa ndiye atakayekunong'oneza kwamba kuna bastola ndani ya begi la fulani.

Jiji la Philadelphia walikwenda mbali zaidi, na kwa huyo wako wa bangi ningefuata wao. Mpango wao ulianza Mei 2014 chini ya Kevin Bethel, aliyekuwa naibu kamishna wa polisi wakati huo. Mwanafunzi mwenye kosa dogo ambaye hajawahi kupatikana na hatia hakamatwi. Askari anaulizia rekodi yake kwa simu, na akikidhi masharti anabaki shuleni. Ofisa wa ustawi wa jamii anafika nyumbani kwao ndani ya siku chache kuzungumza na familia na kuipa huduma bila gharama: ushauri, msaada wa masomo, shughuli za baada ya shule. Huduma hizo ni za hiari. Familia ikizikataa, mtoto harudishwi kwenye pingu. Kabla ya mpango, wanafunzi karibu 1,600 walikuwa wakikamatwa kwa mwaka. Miaka mitano baadaye walikuwa takriban 250.

Yote haya hayahusu bunduki, ubakaji wala kujeruhi vibaya. Hapo kamata, na mapema.

Mambo mawili ya kisheria uyashike. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya J.D.B. dhidi ya North Carolina ya mwaka 2011, ilisema umri wa mtoto unahesabiwa katika kuamua kama alikuwa chini ya ulinzi wa polisi alipohojiwa, maana aliye chini ya ulinzi lazima asomewe haki zake kabla ya maswali. Yule alikuwa na miaka 13, kama wako, na alihojiwa katika chumba cha shule kilichofungwa mlango. Kwa hiyo usiifanye ofisi ya mwalimu mkuu kuwa chumba cha mahojiano ukidhani ni mazungumzo tu. La pili, uliza kama mtoto ana mpango maalumu wa elimu kwa sababu ya ulemavu. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2015–16 zilionyesha wanafunzi wenye ulemavu ni asilimia 12 ya wanafunzi wote, lakini asilimia 28 ya waliokamatwa au kukabidhiwa kwa polisi. Weusi walikuwa asilimia 15 na asilimia 31. Watoto wetu wahamiaji wamo ndani ya hesabu hiyo, tena mzazi wao mara nyingi hana Kiingereza cha kuulizia haki.

Na gharama ya kumfikisha mtoto mahakamani ni kubwa. Utafiti wa Gary Sweeten wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mwanafunzi anayefikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza ana uwezekano wa karibu mara nne wa kuacha shule.

Wiki hii muulize mkuu wako wa kazi kama kaunti yenu ina makubaliano ya aina ya Clayton. Kama hakuna, mshawishi aongee na jaji wa mahakama ya watoto, kwa kuwa wito wa jaji haukataliwi kirahisi na mkuu wa shule wala wa polisi. Wakati mkisubiri, kila tukio ambalo hukukamata liandikie ripoti kamili kama ungekamata: kosa, mzazi uliyempigia, uliyemkabidhi mtoto. Ripoti hizo ndizo utakazoweka mezani siku ya kikao.