Fidla au tuisheni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili anapiga fidla katika kikundi cha taarab cha shule yao hapa Unguja. Baba yake anasema muda huo bora aende tuisheni. Wewe waonaje?
Mama Binti, Mkunazini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, tangu ujana, kwa hiyo usinitarajie nisiegemee upande.

Shingo ya fidla haina alama; kidole hutafuta mahali pake kwa sikio tu. Na makamu, yaani ngazi za sauti za taarab, kama rasti na bayati zina sauti ambazo piano haina. Akiwa peke yake chumbani atakosea asijue. Kikundini, ganuni na nai (filimbi) zitamsuta papo hapo. Tena atajifunza kunyamaza mwimbaji anapoingia, jambo linalowashinda wazee wengi katika vikao vyetu.

Taarab ya Unguja imekua hivyo, kwa watu kukaa pamoja: kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kimo tangu 1905.

Tuisheni iwe siku zisizo na mazoezi. Na siku ya onyesho, baba akae safu ya mbele, simu mfukoni.