Kujua na kutenda: jibu kwa ndugu wa Likoni

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje mtu ajue fika kwamba anapaswa kuweka akiba na kusoma kila usiku, kisha mwezi uishe hajafanya lolote. Kwa maoni yangu hukosi elimu wala nia; unachokosa ni saa na mahali. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba anayepanga mapema kuwa likitokea hili atafanya lile hutimiza azma yake zaidi kuliko anayeahidi tu kujitahidi, kwa kuwa uamuzi huwa umeshapita kabla uchovu haujafika.

Mimi nilihangaika miaka miwili na daftari la hesabu za kibanda changu hapa Kongowea. Sasa, kila jioni naandika mauzo nikiwa nimesimama mlangoni, kwa kalamu niliyoifunga uzi kwenye msumari wa mwimo, na sigusi kufuli mpaka mstari wa mwisho uandikwe.

Tafadhali usijilaumu ukiteleza. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mazoea mapya yakichukua takriban siku 66 kwa wastani, wengine 18 na wengine hata 254, na kuruka siku moja hakukuyavunja.

Kuhusu akiba, ihamishe kwa simu siku ileile mshahara unapoingia, ungali upande wa kisiwa cha Mombasa, kabla hujapanda feri ya kurudi Likoni. Kitabu nacho kiweke juu ya mto wa kulalia tangu asubuhi.