Volani (usukani) inatetemeka ukipita kilomita 90 kwa saa
Papa, kama volani inatulia mjini na kuanza kutetemeka ukipita 90 kwenye barabara ya Likasi, anza na magurudumu ya mbele kabla fundi hajafungua kitu. Chungulia upande wa ndani wa rimu: majira ya mvua, tope letu jekundu hukaukia humo, na bonge dogo tu linatosha kuharibu balansi, yaani usawa wa uzito wa gurudumu. Tafuta pia alama safi ya mstatili ambapo risasi ya balansi (kipande kidogo cha uzito kinachobandikwa kwenye rimu) imedondoka. Osha, kisha upige balansi. Kiti ndicho kinatetemeka zaidi? Basi angalia ya nyuma. Ikitetemeka ukikanyaga breki tu, shuku diski. Kupanga magurudumu usilipie kwanza. Magurudumu yasiyopangwa sawa kwa kawaida huvuta gari upande. Mtetemo ukibaki, inua kwa jeki, shika tairi kushoto na kulia, utikise. Likicheza, huenda rotile (kiungo cha usukani kwenye gurudumu) imechakaa. Hiyo ibadilishwe leo leo.