Re: Futiboli ya Kimarekani: kwa nini holding (kosa la kumshika mpinzani) iliturudisha hadi yadi ya 23 wakati dogo wetu aliyekimbia na mpira alifika 45?

Mkuu, refa alikuwa sahihi, usimlaumu. Umesema pleya (mchezo mmoja, tangu mpira uanzishwe hadi usimame) ilianzia yadi ya 30 yenu, mwenzake dogo akamshika beki jezi pale 33, dogo akaendelea mpaka akaangushwa 45. Sasa kwenye sheria za NFHS, shirikisho la michezo ya haiskuli Marekani, ambazo haiskuli nyingi za Marekani zinatumia (Texas wao wanafuata za vyuo), mpira ukiwa umekimbizwa penalti inahesabiwa kutoka pale mbio zilipoishia, ISIPOKUWA timu yenye mpira imefanya kosa nyuma ya hapo, hapo inahesabiwa palepale kosa lilipofanyika. Kwa hiyo 33 toa 10 za adhabu ya holding ni 23, down (jaribio) inarudiwa, mnaanza fasti na 17, yaani jaribio la kwanza mkihitaji yadi 17. Inauma lakini ndo hivyo, maana huenda bila kule kushika asingepita kabisa.

Ingekuwa beki ndo kamvuta dogo kofia, mngepewa yadi 15 kuanzia 45, mnavuka katikati (yadi ya 50) na kujikuta 40 ya wapinzani.

Ila angalia, holding ingetokea nyuma ya laini pleya ilipoanzia, tuseme 26, tangu 2023 inapigwa kutoka mlipoanzia, yaani 30, mnarudi 20. Zamani mngerudi hadi 16, adhabu ya kikatili kwelikweli.

Na NFL, ligi ya kulipwa ya kwenye tivii, isikuchanganye, huku haiskuli beki akimzuia mpokeaji pasi ni yadi 15 kutoka mlipoanzia, na fasti down (jaribio jipya la kwanza) haiji yenyewe.